Namba Ambayo Haikufutwa

Mtu wa sweta ya njano alipigwa pale steji ya bodaboda ya Suneka hadi meno yakamtoka, na Valentine, aliyekuwa akitazama dirishani na kompyuta yake magotini, akafurahi. Tuseme ukweli tu, alifurahi. Pikipiki ya baba yake ilikuwa imeibwa asubuhi mjini Kisii, na kabla ya saa sita ilikuwa imepatikana kwa mtu huyo, kwa kazi ya vidole vya Valentine. Mwendesha bodaboda akiitilia shaka pikipiki, alituma namba yake ya usajili, na mfumo aliouandika Valentine ukamjibu papo hapo kama imeripotiwa kuibwa. Yaliyobaki watu wa steji waliyamaliza kwa mawe.

Mzee Ondieki hakuwa ameiamini kazi hiyo. Miezi minane alimwuliza bintiye hii ni kazi gani ya kukaa na kubonyeza, na fomu ya chuo cha ualimu imelala mezani bila kujazwa. Siku hiyo aliichukua fomu akawashia jiko.

"Sasa nimeona," akasema. "Hii ni kazi. Endelea nayo."

Valentine alilia kwa furaha. Jina la mtu wa sweta ya njano hakuliuliza.

Majuma matatu baadaye, siku ya soko, mzee alipeleka abiria Nyamache. Huko akafanya jambo linaloudhi steji yoyote: alipakia abiria wa kurudi naye bila kuwaomba wenyeji ruhusa. Wakamzingira. Mmoja akatuma namba ya pikipiki yake. Jibu likaja: IMEIBWA.

Kila namba iliyotumwa ilimfikia Valentine pia. Aliiona akaijua: ni ya baba yake. Alikuwa ameandika njia ya kuingiza pikipiki iliyoibwa. Njia ya kuiondoa ikipatikana hakuiandika. Haikumjia akilini, kwa sababu ya kwao ilipopatikana kila mtu nyumbani alijua imerudi.

Akapiga simu ya baba yake. Ikapokewa na sauti ya kijana.

"Mwenye hii simu tunachoma."

"Huyo ni tata, baba yangu! Pikipiki ni yake!"

"Kila mwizi ako na msichana wa kumlilia. Kompyuta imesema imeibwa. Kompyuta itadanganya aje?"

Nyuma ya sauti hiyo alisikia rungu likigonga mfupa, na baba yake akimwita mama aliyemzaa, aliyekufa zamani. Mtu mwingine aliuliza petroli iko wapi.

Hawangemsikiliza yeye. Wangeusikiliza mfumo. Valentine akaanza kuandika, vidole vikikosea herufi, akifuta, akirudia, simu ikiwa wazi na kila pigo likimwingia sikioni. Aliifuta namba hiyo, kisha akatuma ujumbe kwa simu za steji zote: HUYO NDIYE MWENYEWE. ACHENI.

Alizisikia simu zikilia kule, moja baada ya nyingine. Rungu likanyamaza. Halafu mtu akasema, "Aki tumekosea," kwa sauti ya mtu aliyekukanyaga mguu sokoni. Shenzi kabisa!

Hospitalini Kisii, mkono wa mzee ulikuwa umevunjika mahali pawili, jicho moja limefumba, na shati lake lililokunjwa chini ya kitanda lilinuka petroli. Valentine akapiga magoti.

"Nimeacha, tata. Nitajaza fomu nyingine. Nimekosa mimi."

Mzee alimtazama kwa jicho lililobaki. Alipofungua mdomo, alisema polepole kwa sababu ya taya.

"Pikipiki ngapi zingine zimerudi kwa wenyewe, na bado ziko kwa hiyo orodha yako?"

Valentine hakujua. Aliifungua kompyuta pale pale sakafuni. Orodha ilikuwa na namba kumi na saba, kila moja na simu ya mwenyewe, na yeyote aliyerudishiwa pikipiki yake huenda alikuwa barabarani saa hiyo.

"Basi wapigie," mzee akasema. "Ualimu tutaongea ukimaliza." Akageuza uso ukutani. "Yule wa sweta ya njano, hata mimi nilimpiga. Alikuwa anasema kitu. Sikumsikiliza."

Valentine akabonyeza namba ya simu ya kwanza, akaweka simu sikioni. Ililia, ikalia, hakuna aliyepokea.