Chai ya daktari

Wewe msomi, nesi akikuuliza kama nyumbani mnatumia miti shamba, unasema kweli?

Juzi nilimsindikiza shangazi kliniki ya saratani hapa mjini. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Tengeru na mwanawe aliyevaa tai. Nesi akaja na majibu ya damu.

"Shikamoo mama. Ini lako halijakaa vizuri. Nisipojua unakunywa nini nyumbani, dripu ya leo siweki."

"Sisi siyo watu wa miti shamba," mwana akadakia.

"Hata dawa ya dripu hii asili yake ni mmea, kaka. Ila imepimwa. Majani ya kwenye sufuria nani kayapima?"

"Mimi nakunywa chai ya daktari tu," mama akasema. "Ni chungu hiyo! Lakini namaliza kikombe."

"Daktari gani huyo?"

Mama akamgeukia mwanawe. Sisi wenye digrii tukibanwa huwa tunaanza kwa kufuta miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ni mimi, nesi. Nilimwambia imeandikwa na daktari ili ainywe. Nilisoma kwenye simu kwamba mstafeli unaua saratani. Namchemshia majani yake kila asubuhi."