Kikapu cha Mjukuu Wangu wa Nyahanga

Mimi shule nilikaa kidogo tu, nikarudi kwenye ng'ombe. Lakini kusuka vikapu najua. Nilimwona mama anasuka, mkono wangu ukaiga.

Hapa kwangu Ngokolo, mchana jua likikolea, nilikuwa nakaa barazani na nyasi zangu, na nyuzi nilizofumua kwenye viroba. Nasuka huku usingizi unanichukua nusu. Hapo ndipo maua ya kikapu yanakuja. Naona mvua inatembea kule mbali juu ya majaruba ya mpunga, naona kwato za ng'ombe kwenye tope, nikija kufumbua macho mkono umeshaanza. Sichagui mimi. Siku nyingine yalikuja maua kama moshi wa jikoni unavyopotelea, nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza huko kuna nini.

Nikimaliza nagawa. Kwenye ukoo wetu binti akiolewa, bibi yake anamsukia kikapu cha kuwekea ugali, na maua yake yawe ya kwake, yasifanane na ya mwingine.

Sasa akaja mama mmoja mfanyabiashara wa Masumbwe, huko kwenye wachimba dhahabu. Alikiona kikapu changu kwenye harusi.

"Shikamoo bibi. Nisukie kama hiki, vingi, vyote vifanane. Nyekundu na nyeusi."

"Marahaba. Vyote vifanane, wanaoa mapacha?"

"Vya gesti, bibi. Vinatundikwa ukutani."

"Na ugali wanauweka wapi?"

"Hawaweki ugali. Wanaangalia tu."

Nilicheka siku hiyo, nikakubali. Na sisemi uongo, bati la jiko langu limetoka humo, nililifurahia sana. Nikasuka, nikasuka, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi. Mama wa Masumbwe anapiga simu, bibi vimefika wapi. Nikisinzia barazani, mvua haiji tena, ng'ombe hawaji. Nayaona yale yale mekundu na meusi, mpaka usingizini nahesabu nyuzi.

Ndipo mjukuu wangu akachumbiwa na kijana wa Nyahanga, kule Kahama. Huyu nimemlea mimi, amelala mgongoni kwangu. Nikaanza kikapu chake. Mkono ukaenda wenyewe, nyekundu, nyeusi. Nikafumua. Nikaanza tena, nikasema leo naangalia kwa makini. Yakaja yale yale.

Mjukuu akachungulia begani kwangu. "Bibi, hiki si cha gesti?"

"Nyamaza wewe."

"Mume wangu akiona ugali humo atauliza chumba ni namba ngapi."

Tulicheka wote wawili, halafu yeye akaenda kuchota maji, mimi nikabaki na zile nyasi mapajani. Nilijiona kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Nikampigia mama wa Masumbwe. "Mayu, mama yangu, mimi vya kwako naacha kwanza."

"Bibi, na wateja wangu?"

"Waambie waangalie ukuta."

Nikakaa. Siku zikapita sisuki kitu, nasinzia tu, naamka, nakunywa uji. Watu wakaniona mvivu. Mpaka mchana mmoja, nipo nusu huku nusu kule, nikaona lambo ng'ombe wakishakunywa na kuondoka, lile tope linavyotulia polepole na maji yanavyorudi kuwa na mbingu ndani. Nikaamka mkono unatembea. Nilifurahi, nikataka kulia.

Ila nilichelewa. Harusi ilifika kikapu hakijafungwa ukingo, nyasi zimesimama juu kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Nilimpa hivyo hivyo. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakatazamana, shangazi yao mmoja akasema, "Bibi, umetuletea kuku hajamaliza kuota manyoya."

Mjukuu wangu akakikumbatia. "Atakuja kukimalizia kwangu," akasema.

Basi ndiyo maana siku hizi napanda basi kwenda Nyahanga. Ananiwekea mkeka kivulini, nasuka kidogo, nalala kidogo. Juzi mkwe wangu akauliza kwa adabu, bibi, kikapu kitaisha lini. Nikamwambia, baba, wewe kula ugali wako kwenye sahani, mimi ndiyo kwanza nimeanza kusinzia.