Dobi aliyeilaumu sabuni

Jua halijapanda vizuri, na Mama Povu tayari ana mikono ndani ya beseni hadi kwenye viwiko. Anafikicha kola ya shati jeupe, analisuuza, analikamua, kisha anampa wifi yake aanike. Wateja waliompa jina hilo wanasema ukitaka maneno, mtafute wifi.

Pasi haigusi. Ana kifafa tangu usichana wake, na kazi kwenye ua huu imegawanywa kwa sababu hiyo: yeye maji, wifi moto.

"Kaka alioa mfuaji," wifi anatania, "mpigaji pasi ikabidi niwe mimi."

Mikono ya Mama Povu ina mabaka yaliyopanda hadi shingoni. Ukimwuliza, hafichi. Miaka kadhaa iliyopita dawa ya kifafa aliyoizoea iliadimika, akabadilishiwa nyingine. Haikupita muda akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, kisha vipele vikaanza mikononi. Mtu anashinda kwenye sabuni kutwa nzima, vipele vimetoka mikononi. Dobi gani angekifikiria kidonge?

Akabadilisha sabuni. Vipele vikazidi, akaacha na dawa ya kuondolea madoa ya nguo. Wifi akamnunulia glavu. Na kila jioni, kwa uaminifu wote, akameza kidonge chake.

"Nilikuwa naikimbia sabuni," anasema, "kumbe kinachonichoma nakimeza mwenyewe."

Midomo ilipoanza kuchubuka ndipo mumewe alipomkimbiza hospitali. Ngozi ilikuwa ikibanduka kama ya mtu aliyeungua. Aliachishwa kidonge kile, akapona, ila jicho moja limebaki na ukungu. Daktari alimweleza kwamba watu wachache huzaliwa na alama fulani katika chembe zao za urithi, na wakitumia dawa ile, mwili unaweza kuigeukia ngozi yake wenyewe. Si kosa la mtu, alisema, lakini alama hiyo mzazi anaweza kumrithisha mtoto.

Neno hilo la mwisho hakulisahau. Mwaka jana binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alianguka kifafa darasani, akaanguka tena nyumbani. Mama akalificha jambo hilo. Akamwomba wifi asimwambie mtu, na binti asipelekwe kokote, kwa kuwa hospitali watampa dawa.

Inauma kumsikiliza akisimulia miezi hiyo. Aliogopa kifafa, akaogopa tiba yake zaidi, na katikati ya hofu hizo mbili mtoto aliendelea kuanguka.

Wifi ndiye aliyevunja ukimya, siku binti alipoanguka hatua chache tu kutoka kwenye jiko la kuwashia mkaa wa pasi.

"Wifi, dawa moja ilikuchubua ngozi," alimwambia. "Huu ugonjwa tukiuachia, utamchukua mtoto mzima."

Walikwenda hospitali wote watatu. Mama Povu alikunja mikono ya gauni, akamwonyesha daktari mabaka kabla hajaulizwa chochote. Damu ya binti ikapelekwa maabara ya mbali. Majibu yaliporudi, alama ilikuwepo.

Anasema alilia pale pale, kwa uchungu wa kumwachia mwanawe urithi kama huo. Daktari alimsubiri atulie, kisha akamwambia si kila mwenye alama hudhurika, ila wao hawatabahatisha. Dawa nyingine zipo. Akamwandikia binti mojawapo, akawaonya wasiiache bila kumwuliza, na wakiona homa au kipele warudi mara moja.

Tangu aanze kuitumia, binti hajaanguka. Amerudi shule, na wifi anasema amerudi pia na ubishi wake wote.

Hata hivyo, kila asubuhi mama humwita dirishani penye mwanga. Humgeuza mikono, humwangalia midomo, humfunua kope. Binti hulalamika kwamba anachelewa, lakini husimama.

Mpango wa Mama Povu ni kuwapeleka kwa daktari watoto wake wengine wawili. Hawajawahi kuanguka, ila anataka kuuliza kama nao wapimwe, wasije wakapewa dawa ile kwa kutojua. Lakini anachokitamani hasa ni kitu kidogo zaidi.

"Nataka siku moja nimtazame mwanangu kwa sababu ni mwanangu tu," anasema, "nisimkague kama shuka la mteja."