Siku Niliyolima Peke Yangu

Juzi nilipanda Ukata, kijiji cha milimani, na binti yangu wa miaka sita. Kutoka Mbinga tulikodi bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na kila kona akiuliza kama tumefika. Tulipofika sikuwa na cha kumwonyesha. Palipokuwa na nyumba ya bibi sasa pamepandwa mikaratusi. "Hapa ndipo nilipoishi nikiwa kama wewe," nikamwambia. Akaitazama miti, akanitazama mimi, akaomba maji. Sikumlaumu.

Mimi ni mtoto wa ziwani. Mama yangu ni Mnyasa. Baba ni Mmatengo aliyeteremka kufuata biashara ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, miaka ile ya ruksa, kila mtu alipojiona mfanyabiashara. Mama alipojifungua mapacha, nikapelekwa milimani kwa mama yake baba, eti mama apumue. Nilikuwa na miaka saba, na hakuna aliyeniambia atapumua kwa muda gani.

Nilikuwa nimezoea mchanga wa moto na harufu ya samaki wanaoanikwa. Huku nikakuta ukungu unaoingia hadi jikoni, na Kimatengo ambacho sikukijua hata neno. Watoto wa baba mkubwa wakanibatiza jina la Usipa. Bibi peke yake ndiye aliyejikaza kunisemesha Kiswahili, nacho kilikuwa Kiswahili cha kanisani. Akinigawia kiazi husema, "Twaa, ule." Nilimpenda kwa hilo kabla sijampenda kwa jingine lolote.

Jioni kila nyumba ya ukoo ilileta chakula uani kwake. Kula pamoja huko Wamatengo hukuita sengu. Wanaume walikaa upande wao, sisi wa kike karibu na jiko, na ugali, maharage na majani ya maboga vilizunguka bila mtu kuuliza mtoto huyu ni wa nani. Lakini mwaka ule duara lilikwishaanza kupungua. Wanunuzi wapya wa kahawa walikuja na magari yao, kila nyumba ikauza ya kwake, na baba mdogo akanunua redio akawa anakula ndani, akiisikiliza. Bibi alikereka. "Redio haili," alisema, "mbona mnaikalia?"

Mchana tulikuwa shambani, kwenye ngolo. Ndiyo kilimo chao: wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba mlimani, wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika, yanabaki mashimo yanayotuliza maji ya mvua. Shamba lilikuwa mbali, ng'ambo ya kijito. Bibi aliondoka alfajiri. "Mimi natangulia," alikuwa akisema, "wewe utanikuta." Nami kukikucha vizuri nilibeba viazi vyetu, nikamkuta. Haikupita siku nisimkute.

Mwezi wa tatu akaanza kukohoa. Akalala kitandani siku mbili, nami nikahamishiwa kwa shangazi. Asubuhi ya siku ya tatu nikauliza bibi anaendeleaje. Macho ya shangazi yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi. Akachuchumaa mbele yangu, akachagua Kiswahili ili nielewe vizuri.

"Bibi ametangulia, mwanangu."

Nilifurahi, nakwambia kweli. Kumbe amepona! Nikachukua viazi viwili vya jana na jembe langu dogo, nikakata njia ya nyuma ya nyumba kabla hajanipa kazi nyingine.

Shambani hakukuwa na mtu. Nikadhani amepitia kwa jirani. Ili anisifu akifika, nikaingia kwenye shimo aliloliacha nusu, nikalima. Kengele ya kanisa la kigango ikalia, nikasema ni mafundisho ya watoto. Mvua ikanyesha, ikaacha. Nikala kiazi changu, chake nikakitunza kwenye kanga. Mikono ilitoka malengelenge. Nilipochoka kuimba nikawa namwita, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zote, na mlima wa pili ulinirudishia sauti yangu mwenyewe.

Jua likiteremka akaja baba mkubwa, suruali yake imejaa udongo mwekundu magotini.

"Unafanya nini huku, mama?"

"Shikamoo. Namsubiri bibi. Shangazi amesema ametangulia."

Akachukua jembe langu, akainama, akamalizia lile shimo la mama yake. Mwanamume kuchimba ngolo! Siku nyingine kijiji kizima kingemcheka. Alipomaliza akakaa kwenye tuta.

"Bibi amekufa. Tumeshamzika. Tulikutafuta, hatukukuona."

Sikulia. Nilimpa kile kiazi, kwa sababu sikujua nikifanyeje, naye akakila chote huku machozi yakimtoka.

Baada ya wiki moja nilirudishwa ziwani. Mama alinipokea na mapacha mikononi, akasema pole, akaniagiza maji. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka. Lakini pale ufukweni hakuna aliyeijua sauti ya bibi, na msiba usio na mwenzako wa kuuzungumzia ni mzigo mzito kwa mtoto. Nikanyamaza. Nasikia na kule milimani sengu haikumaliza mwaka. Kila nyumba ilifunga mlango na sufuria yake. Hata mimi leo napika chakula cha watu wawili.

Haya yote nilimsimulia binti yangu pale kwenye mikaratusi. Nilimwambia bibi alikufa, neno lenyewe, bila kulizungusha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza,

"Sasa mama, wewe ulilia lini?"

"Bado," nikamwambia, na hapo ndipo nilipoanza.