Gego la Furaha na Jiwe la Luberizi

Mwanangu, kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba pengo langu la kushoto lililetwa na jiwe ndani ya mchele wa Luberizi. Wakulima wa huko wanisamehe. Gego lililokuwa hapo lilioza, tena likiwa jipya, kwa sababu kwetu Muhumba tulidhani ni la utoto, litang'oka lenyewe.

Kwa hiyo Furaha, kitinda mimba wangu, alipoanza kuota gego la ukubwani akiwa na miaka sita, nilimpeleka mbio kwa daktari wa meno kule Nguba. Nilikuwa nimeshasoma habari za meno. Sisi tuliomaliza chuo kikuu hatuingii mahali bila kufundisha wenyeji.

"Docteur, mumuwekee rezini, ile plastiki ya kuziba jino. Ndiyo inadumu."

"Ni kweli, maman. Lakini inataka jino kavu, na hii nusu ingali mu fizi. Na huyu mutoto," akamfuta kidevu, "mate yake ni kama mvua ya Bukavu, haiombake ruhusa."

Furaha akacheka, mate yakamwagika tena.

Daktari alitaka kuziba vifereji vya gego siku hiyohiyo kwa saruji ya meno, inayoshika hata penye unyevu na kutoa floraidi, dawa ya kuimarisha meno, kidogokidogo. Ubaya wake, huchakaa mapema. Nikakataa. Tungengoja miezi kadhaa gego litoke lote, tuweke kilicho bora. Nikatoka uani kumpigia mama, nikiwa na hakika ataniunga mkono.

Mwanangu, gego la mtoto likichomoza nyuma ya meno ya utoto, usidhani litaanguka. Lipeleke likaangaliwe. Tena usiulize tu kipi kina nguvu. Uliza kipi kinafaa kinywa hiki, leo. Rezini ina siku yake. Mungu akujalie uzee wa kucheka bila kuziba mdomo kwa mkono. Mimi namshukuru daktari aliyenivumilia, na namshukuru mama, aliyeacha kuchambua maharagwe akapokea simu.

"Mama, wanataka kumuwekea Furaha ile ya kuisha haraka, ati mate yake ni mingi. Mi nasema tungoje."

"Yako nilingojaka. Nilisema itaanguka, ingine itatoka. Ulikuwa unalia, mi nangoja."

"Mama, si tulisema ni jiwe ya muchele?"

"Wee! Ile jiwe ni mimi niliitunga, juu nilikuwa naona haya mbele ya majirani. Rudia mule ndani, useme asante, waweke leo. Na Mungu abariki ile mate ya mutoto."