Mabomba ya Nyumba ya Coletha

Wifi yangu Coletha, mjane wa marehemu kaka yangu Felix, hakuzoea kuombaomba. Nilimpokea mimi mwenyewe siku alipoletwa kuolewa kijijini kwetu Bonga kutoka Dareda, msichana wa kuinua debe la maji bila kusaidiwa. Mikono ile sasa imepinda kwa baridi yabisi. Juni ya mwaka juzi sufuria la maji ya kuoga lilimponyoka. Akaungua mguu, na kidonda kikakaa miezi minne.

Ndiyo maana alipojenga nyumba ya tofali alitaka maji ya moto yatoke ukutani. Sola ya kupashia maji angeiweka mwakani, mbaazi zikiuzika, lakini mabomba lazima yalazwe kabla kuta hazijapigwa lipu. Tukaenda mjini, dukani kwa Mujahid. Akatuonyesha bomba la mstari wa bluu, la maji baridi, na la mstari mwekundu, nene, la maji ya moto.

"Mama zangu, mkipitisha maji ya sola kwenye bluu, litalegea lipasukie ndani ya ukuta."

Niliyashika yote mawili. Darasa la nne la enzi zetu lilikuwa darasa, sihitaji kuelezwa mara mbili.

Tatizo, fundi alikuwa Michael, mume wa Josephine, binti wa Coletha. Na sisi mkwe hatumtajii mambo ya kuoga. Coletha alimwambia tu, "Baba, utaleta mabomba ya maji," akainamisha kichwa, akaondoka.

Michael akaleta ya bluu. Nilipofika nilimkuta Coletha amesimama pembeni; mabomba yalikuwa yameshalazwa ukutani, huku vijana wa lipu wakikoroga saruji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Michael, haya siyo. Mama yako anataka yale mekundu."

"Ya maji ya moto?" Akacheka. "Shangazi, siku hizi umekuwa injinia?"

"Nina macho."

Akamgeukia mkwewe kwa upole, siwezi kumsingizia. "Mama, kama ni ya moto nayang'oa sasa hivi. Maji ya moto ya kazi gani?"

Coletha akatazama chini. Neno lilikuwa moja tu. Nami nililijua, lakini kwa Michael mimi pia ni mkwe. Vijana walisimama na miko yao, wakingoja.

"Ya kuoshea vyombo," akasema Coletha.

"Ah, mama! Kwa vyombo tu? Josephine atakuletea birika la umeme." Akawaambia vijana, "Haya, pigeni lipu."

Nikamvuta Coletha hadi nyuma ya nyumba. "Saruji bado mbichi. Nirudi nikamwambie?"

"Umwambie navua nguo humo ndani? Mume wa mwanangu?"

"Na mikono yako je?"

"Wifi, usiniaibishe."

Tukasimama pale tukisikia miko ikisugua ukuta. Lipu ilitoka laini kabisa. Majirani waliopita wakaisifu, na Coletha akawashukuru mmoja mmoja.