Mikono ya Mama Apondi

Omollo alikuwa akichora mabango ya maduka mjini Eldoret hadi mamake, Apondi, alipofariki. Huzuni ilipomlemea, alimchora mama huyo kwa uso wa kijani na mikono mikubwa kuliko kichwa. Majirani wa mtaa wao wa Kapsoya walicheka, wakasema amesahau kuchora. Ni Wacera tu, mwenye duka mtaani hapo, aliyeitazama picha ile kwa makini, kisha akafuta machozi.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Mikono hiyo ndiyo iliyonishika nilipofiwa na mume wangu."

Wacera akaiomba picha hiyo, akaitundika dukani mwake, na wateja wakaanza kumwomba Omollo awachore vile wanavyojisikia moyoni. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yake. Akiulizwa ni nani aliyemfanya msanii, humtaja mamake na Wacera, akimshukuru Mungu kwa wote wawili.